Tukakae Momella: siku zetu kati ya msitu na ziwa

Alhamisi

Tumeondoka Moshi asubuhi kwa Coaster ya Arusha, mimi na shangazi yangu. Shangazi anaishi Machame, na kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kimepakana na msitu wa Kilimanjaro. Kwa miaka amekuwa akiniambia maneno yale yale: kima anamjua vizuri, maana anakuja kumwibia mahindi, lakini mbega, yule jamaa ya kima mweusi na mweupe wa msituni, anamsikia tu akinguruma huko juu alfajiri, hajawahi kumtazama akatosheka. Nikamwambia twende Momella, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Siyo ile ya kuingia asubuhi na kutoka jioni na picha mbili za twiga. Twende tulale, tukae.

Sisi wa Moshi na Arusha tumezoea kuipita Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Iko mlangoni, ndiyo sababu. Wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), wanalala Usa River, kesho yake wanawahishwa Serengeti, na wenyeji nasi tumeamini kwamba mnyama wa kutazamwa yuko mbali. Simba kweli huku hayupo. Waliopo ni wanyama wanaomtaka mtu mwenye subira, na msitu wenyewe hauonekani ukiwa dirishani mwa gari linalokimbia.

Usa River tulikuta Land Cruiser ya loji inatusubiri. Dereva, kijana wa Kimeru, alimwamkia shangazi "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akamjaribu kwa Kimeru. Shangazi akajibu kwa Kimachame. Wakaenda hivyo hivyo mpaka lango la Ngongongare, kila mmoja na lugha yake, wakielewana bila kubabaika. Lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, ila mimi niliyekulia mjini nilibaki kuokota neno hapa na pale. Tangu pale shangazi hakuhesabiwa mgeni tena.

Langoni hakuna kulipa fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, risiti inatoka, unaingia. Raia analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje. Nilitamani kila mzazi wa Arusha mwenye watoto shuleni alijue hilo.

Mara tu baada ya lango kuna uwanda wa nyasi wanaouita Serengeti Ndogo. Nyati walikuwa wamelala, pundamilia wamesimama, ngiri wamepiga magoti wanakula. Twiga sita walivuka barabara bila haraka na gari letu likazimwa kuwasubiri. Nyuma yetu likaja gari la abiria linalokwenda Ngare Nanyuki, makreti matupu ya nyanya yamefungwa juu, nalo likasimama. Ndani ya lile gari hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Ni njia yao ya kila siku ya kwenda na kurudi sokoni, na twiga ni jirani.

Loji iko nje kidogo ya lango la Momella, kwenye mteremko. Nyuma yake ni msitu wa chini wa Mlima Meru, mbele ni maziwa. Vibanda ni vya mbao, vimeinuliwa kwenye nguzo ili maji ya mvua yapite chini bila kuzuiwa. Umeme ni wa jua, na saa nne usiku taa za nje zinazimwa zote. Hakuna jenereta. Choo ni cha kunyunyizia majivu, na nilipokikagua kwa pua ya mtu wa mjini sikupata harufu yoyote.

Kilichonivuta zaidi ni maji. Bafuni kuna bomba moja, na kando yake kibao: maji haya ni ya kuoga na kufua. Ya kunywa yanatoka kwenye matangi ya mvua yaliyopangwa nyuma ya jiko, yanayokinga kila tone la bati. Sababu ni floridi. Miamba ya volkano ya Meru inaiachia floridi ndani ya chemchemi na mito ya upande huu kwa wingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya kuzunguka Momella yanauvuka mbali. Mama anayepika hapa, mzaliwa wa Ngare Nanyuki, alitufumbulia mdomo tuone meno yake yenye madoa ya kahawia. Alisema hayo ni ya nje tu, wapo aliokua nao ambao mifupa ya miguu ilipinda wakiwa watoto. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo hayana tatizo hilo. Kiangazi kikizidi na matangi yakishuka, wanatumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Mkaa huo umefanyiwa kazi kwa miaka pale pale Ngurdoto, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi. Nimelala kwenye hoteli zenye mabango makubwa ya kutunza mazingira ambazo zisingeweza kuniambia maji yangu ya kunywa yametoka wapi. Hapa mpishi mwenyewe ananifafanulia.

Usiku, taa zilipozimwa, nikasikia sauti iliyonitoa kitandani. Inaanza kwa mkwaruzo mfupi, kama bawaba ya lango la zizi iliyokosa mafuta, inarudia, inapanda, kila mkwaruzo mkubwa kuliko uliopita, mpaka inaishia kwenye ukelele. Kisha kimya. Kisha mwingine anajibu kutoka bondeni.

"Perere huyo," shangazi akasema gizani, hata hakugeuka. "Lala mwanangu."

Mnyama mwenyewe ana kilo mbili tatu tu, anashinda kwenye matundu ya miti mikubwa na kutoka usiku kula majani. Wataalamu wa wanyama wanamweka kwenye ukoo ulio karibu na tembo, na ukimwona miguu na meno unaweza kuamini. Shangazi anasema utotoni mwake Machame walikuwa wanalia usiku kucha. Watu wakawatega kwa ajili ya ngozi na nyama, wakaikata miti yenye matundu, sasa anapita msimu mzima hajamsikia hata mmoja. Alikaa macho muda mrefu, najua kwa jinsi alivyokuwa anapumua.

Ijumaa

Kabla jua halijatoka tulikuwa tumeshakaa kwenye baraza. Februari ni kiangazi, asubuhi mbingu ni safi, na Kilimanjaro ilisimama mashariki bila wingu hata moja. Sisi wa Moshi tunaijua kutoka kusini, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Huku unaitazama kutoka magharibi: Shira imejitokeza kushoto na Kibo amekaa juu yake peke yake. Shangazi aliitazama kwa muda akasema Machame iko pale, chini ya ule mkunjo, upande wa kulia. Jua likachomoza kulia zaidi, na maziwa yakaanza kuonyesha rangi zake.

Maziwa ya Momella ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Yanapata maji kutoka chini ya ardhi, na mengi ni ya magadi. Kila moja lina mimea yake midogo ndani, ndiyo maana moja linaelekea kijani, jingine buluu, jingine kijivu, ingawa yamepakana.

Askari wa uhifadhi alitufuata na bunduki begani, kwa sababu kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila yeye. Alitupa masharti kwa sauti ya chini: tufuatane mstari mmoja, yeye mbele, tusizungumze kwa nguvu, na akiinua mkono tusimame pale pale tulipo. Aliuinua mara ya kwanza hatujamaliza hata nusu saa. Nyati dume, peke yake, ubavuni mwa kichaka. Kundi la nyati, alitunong'oneza, mara nyingi litakutazama na kuondoka. Mzee aliyeachana na kundi ndiye wa kumwogopa. Tulirudi nyuma polepole, tukazunguka kwa upande ambao upepo haukumpelekea harufu yetu.

Tukiwa juu ya kijilima, alitugeuza tuutazame Mlima Meru. Ukiwa Arusha mjini huujui mlima huu, unaona kilele tu. Kutoka Momella unaona kwamba upande wa mashariki haupo. Kuna ukuta wa mwamba ulioinama kwa umbo la kwato, na ndani yake kimekaa koni ya majivu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wote ule ulianguka, ukashuka kwa tope na mawe mpaka mbali nyanda za chini. Vilima vidogo vidogo tulivyokuwa tunavipanda ni mabonge ya mlima ule, na maziwa yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati yake. Meru haujafa. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910.

Halafu tukashuka ufukweni mwa Momella Kubwa. Mchanga una ukoko mweupe wa magadi unaovunjika chini ya kiatu, na harufu yake inakaa kooni. Flamingo walikuwa wengi, nami sikujaribu kuwahesabu. Askari alitupa darubini yake tujifunze kutofautisha. Wapo wakubwa, weupe kuelekea waridi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Wapo wadogo, rangi imekolea, na mdomo wao ni mwekundu wa giza. Wote wanakula kichwa kimepinduliwa, mdomo wa juu ukiwa chini, ulimi ukisukuma maji nje kupitia vichujio vya pembeni. Mdogo anachuja mimea ya majini isiyoonekana kwa macho, mkubwa anakwenda chini zaidi kwenye tope kutafuta wadudu na vijidudu. Kwa hiyo wanasimama pamoja na hawagombani. Rangi ya waridi inatokana na chakula hicho hicho. Kuzaliana hawazaliani hapa. Flamingo wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanategemea Ziwa Natron kwa kutagia, na likiharibika Natron, Momella nayo itabaki tupu.

Shangazi alivua kiatu akagusa maji kwa vidole vya mguu. "Yanateleza," akasema. "Hii ni sabuni." Magadi ndivyo yalivyo.

Mchana ulipita kwenye baraza. Viboko wa Momella Ndogo walionekana kama migongo tu, wakizama na kuibuka, na bata bukini walitembea ufukweni wawili wawili. Chakula cha jioni kilikuwa ugali na mnafu.

Jumamosi

Siku ya mbega.

Mngurumo ulianza kabla ya kupambazuka. Ni sauti nzito, inakokota, inatoka kwa dume mmoja, kisha dume wa familia ya jirani anaipokea, kisha wa tatu mbali zaidi, mpaka mlima mzima umejibu. Ndivyo wanavyogawana msitu bila kupigana: kila mmoja anatangaza alipo, wengine wanajua wasisogee. Shangazi aliyeisikia maisha yake yote alisimama barazani amejitanda khanga, na baridi ilikuwa kali, lakini hakuingia ndani mpaka walipomaliza wote.

Tulipanda msituni na askari yule yule. Mpango wa kawaida wa wageni ni kutembea mpaka maporomoko ya Tululusia, kupita kwenye mtini mkubwa, kurudi. Nilimwomba tufanye kinyume: tutafute familia moja ya mbega na tukae hapo. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alisema watu wengi hawana muda huo.

Njiani shangazi ndiye aliyekuwa mwalimu. Alisimama kwenye kila mti anaoujua na kuugusa. Huu msesewe, gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu, bila hilo unakunywa uji. Huu mringaringa, mizinga ya nyuki na ngoma. Huu loliondo, mbao yake haifi, ndiyo maana imebaki kidogo kila mahali. Askari alikuwa na majina ya kitabuni na shangazi alikuwa na matumizi, wakabadilishana mpaka nikaona askari ametoa kijidaftari.

Familia tuliyoipata ilikuwa kwenye miti miwili iliyoshikana juu ya kijito. Mwanzoni huoni kitu, unaona mikia tu inayoning'inia. Mbega wa Kilimanjaro na Meru ana mkia ambao karibu wote umefunikwa na manyoya meupe mazito, na unamwonyesha mwenyewe hata akijificha. Tulikaa chini, migongo kwenye shina. Baada ya muda wakaacha kutuangalia.

Wanakula majani, na majani hayana nguvu nyingi. Mbega ana tumbo lenye vyumba, chakula kinachachushwa humo polepole na bakteria, ndipo apate cha kumfaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku anapumzika. Asubuhi walikaa juu kabisa kwenye matawi yanayopata jua, vifua vimegeuzwa mashariki, wameshusha mikono mapajani. Mkono huo una vidole vinne tu. Dole gumba halipo, limebaki kinundu kidogo, na mkono unakuwa ndoano ya kunasia tawi. Niliuona vizuri mmoja wao aliposhika tawi mbele yetu kuvuta majani machanga: vidole vinne virefu vimekunjwa, tawi likasogea, akala jani moja moja kwa kuanzia nchani.

Kisha shangazi akanigusa goti. Kwenye uma wa tawi alikaa jike, na kifuani pake kitu cheupe pe. Mtoto. Mbega huzaliwa wakiwa weupe kabisa, uso wa waridi, na weusi huja polepole katika miezi ya mwanzo. Jike wa pili alisogea, akanyoosha mkono, na mama akamwachia mtoto. Huyo wa pili akamkagua masikioni, akamgeuza, akampakata. Akaja wa tatu. Mtoto alilia kidogo, mama akanyoosha mkono na kumchukua bila ugomvi. Ndivyo wanavyolea, majike wote wa familia wanashika zamu.

Shangazi alikuwa na machozi. Hakuyafuta wala hakuyaficha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba akiwa msichana aliona wachezaji wa ngoma wamevaa ngozi za mbega mabegani na miguuni, na hakuwahi kufikiria ngozi moja ilikuwa ya nani. Askari aliongeza kwamba kabla ya hapo, mwisho wa karne ya 19, ngozi hizo zilikwenda mpaka Ulaya kwa malundo kwa ajili ya mitindo ya nguo. Kwamba bado tunao ni jambo la kushukuru.

Kulukulu walipita juu mara kadhaa. Akitulia ni ndege wa kijani na buluu wa kukupotea kwenye majani, akiruka mabawa yanafunguka mekundu. Wekundu ule ni rangi halisi yenye shaba ndani yake. Funo mmoja, paa mfupi na mwekundu, alivuka njia kichwa chini na kutoweka. Hondohondo tuliwasikia kwa mabawa kabla ya kuwaona.

Mtini mkubwa tuliupitia wakati wa kurudi. Ulianza kwa mbegu iliyoachwa na ndege juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka mpaka ardhini, ikauzunguka mti mwenyeji mpaka ukafa na kuoza. Kilichobaki ni mlango wa mizizi ambao gari linapita chini yake. Gari moja lilifika tukiwa pale, watu wakashuka, wakapiga picha, wakapanda. Muziki ulikuwa unalia garini muda wote. Nawaomba mnaokuja na marafiki kwa siku moja: zimeni muziki mkishapita lango. Mbega wanasogea ndani zaidi, na mnaondoka mkisema hamkuona kitu.

Jumapili

Shangazi hakosi ibada. Tulikwenda Ngare Nanyuki, kanisa la Kilutheri, na tukakaribishwa mbele kama wageni kutoka Machame. Baada ya ibada wazee walitaka kujua ukoo wake, na mazungumzo yakahamia chini ya mti.

Hapo ndipo nilipoisikia habari ya mwaka 1951 kutoka kwa mtu aliyekuwepo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, kiasi cha watu 3,000, ili eneo ligawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa. Watu walipelekwa nyanda za joto chini huko, na mifugo mingi ikafa. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet New York, na mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi hii. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtanganyika kupeleka malalamiko ya watu wake huko kwa mdomo wake mwenyewe. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi. Lakini mpango wa walowezi haukufika mbali, watu wakarudi, na jina la Kirilo linatajwa hapa mtu akikaa sawasawa.

Mzee alisimulia akionyesha kwa fimbo: huku palichomwa, huku tulipita, kule ng'ombe walianguka. Kutoka alipokaa unaona maziwa upande mmoja na msitu upande wa pili. Nilikuwa nimevitazama siku zote hizi kama mali ya flamingo na mbega peke yao. Mzee hakuwachukia wanyama hata kidogo. Alichosema ni kwamba hifadhi inapozungumziwa, nao watajwe, kwa sababu maji ya msitu yanayowapa nyanya ndiyo yanayowapa flamingo ziwa, na waliyapigania wao. Nakubaliana naye. Mwongozaji anayemtembeza mtu Momella asiyemtaja Kirilo Japhet amemwonyesha nusu.

Tulikula loshoro nyumbani kwa mmoja wa wazee: mahindi yaliyokobolewa, ndizi, mtindi mwingi. Shangazi aliomba kuongezewa, na kwa mtu wa Machame kuomba loshoro mara ya pili ni sifa kubwa. Jioni upepo ukageuka, wingu likashuka mpaka kwenye baraza, hatukuona ziwa wala mlima.

Jumatatu

Tuliondoka mapema ili tupite kasoko ya Ngurdoto, shimo kubwa la volkano ya kale. Hifadhi yenyewe ilianzia hapa: mwaka 1960 ilitangazwa kwa jina la kasoko hii, na mwaka 1967 Mlima Meru ulipoongezwa ndipo ikaitwa Arusha. Barabara inapanda ndani ya msitu mnene mpaka ukingoni, na unasimama Leitong, mahali pa juu kabisa, unatazama chini mita 400 hivi. Kasoko ina upana wa kilomita tatu. Chini ni nyasi na vinamasi, nyati wakiwa vitone vyeusi. Hakuna mtu anayeruhusiwa kushuka, na niliona furaha katika hilo, kwamba kuna mahali ambapo hata mwenye fedha anaishia kutazama. Eneo la Mikindu, ukindu umeota kwenye ukingo na shangazi akaanza kukadiria mikeka.

Loji ina kitalu chao cha miche ya miti ya asili, wanawauzia wanakijiji na wageni. Asubuhi ile kabla ya kuondoka shangazi alikuwa amekwenda huko na mpishi, na nilipowaona wanarudi wamebeba kreti la soda lililojaa vifuko vya udongo nikajua mjadala umekwisha. Loliondo, msesewe, mringaringa. Atazipanda kwenye mpaka wa kihamba, upande wa mto. Miaka mingapi mpaka loliondo liwe na tundu la kumlaza perere? Nilimuuliza hivyo garini.

"Mimi sitaliona," akasema. "Wewe labda. Usilikate tu."

Usa River Coaster ilikuwa imejaa, tukakaa viti vya nyuma, kreti kati ya miguu yetu. Kondakta alitaka nauli ya mzigo. Shangazi akamuuliza yeye ni wa wapi, akajibu Poli, kwa Wameru, wakaanza upya Kimeru na Kimachame, na kufika Kikatiti ile nauli haikuzungumzwa tena. Alichotaka kujua ni mche mmoja wa msesewe anauzaje, kwa sababu kwao umebaki mmoja, na mama yake bado anapika mbege.

Shangazi akampa mmoja. Mimi nimerudi Moshi na orodha ya watu ninaotaka kuwapeleka. Mkiamua kwenda, bebeni sweta nzito hata kama ni Februari, darubini kama mnaweza kuazima, na viatu vya kufunika kidole. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, ni marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Lipieni askari wa kutembea naye nusu siku kuliko kulipia gari la kuzungusha siku nzima. Na mwambieni mapema kwamba mnataka kukaa kwa mbega.